Mnufaika wa Profesa

Mpwa wa mume wangu, binti wa dada yake, anasomea kusaidia watu. Msicheke, ni shahada kabisa ya chuo kikuu, yenye mitihani na joho. Mimi nilidhani mtu akikwama unamsaidia tu, kumbe kuna nadharia. Likizo yake ya kwanza alinieleza kwamba kumpa jirani unga bila kufanya tathmini ya mahitaji ni kumharibu. Unga wenyewe nilikuwa nimeushika mkononi, na jirani yuko mlangoni. Tangu siku hiyo tukamwita Profesa, naye hakukasirika.

Mwaka wa mwisho mtihani wao ukawa wa vitendo. Kila mwanafunzi apeleke mnufaika wake, yaani maskini aliyesaidiwa, asimame mbele ya wafadhili atoe ushuhuda. Shirika moja kubwa lingekuja kusikiliza na kumwajiri mwanafunzi mmoja tu. Profesa aliitaka kazi hiyo kufa na kupona, ila maskini hakuwa naye. Wenzake walikuwa wameshawawahi wale wazuri wote. Akatufuata saluni, mume wangu anaponyolea watu, akaomba mjomba wake awe mnufaika.

Mume wangu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na hajawahi kumnyima kitu. Akakubali kabla binti hajamaliza kuomba. Mimi nilinuna waziwazi. Mtu amekusomesha, leo unataka kumsimamisha ukumbini kama ombaomba!

Mazoezi yalifanyika palepale saluni, mteja akiwa na povu kidevuni. Profesa akajifanya mfadhili, akauliza habari za maisha. Mume wangu akajibu kwamba ni nzuri, tunashukuru. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Huyu mtu hata alipovunjika mguu alimwambia daktari kwamba hajambo. Profesa alibembeleza, akakaripia, akamfundisha kuinamisha kichwa na kushusha pumzi. Wapi! Mwenye povu alilalamika vizuri kuliko yeye, nusura tumpeleke huyo.

Siku ikafika. Nilikaa nyuma ya ukumbi, wafadhili wako mbele na chupa zao za maji. Mama mmoja mwenye miwani akamuuliza mume wangu habari za maisha. Nikamwona Profesa amefumba macho. Mume wangu akamtazama yule binti, kisha akasema, "Si nzuri."

Akaendelea polepole. Alisema mkono wake wa kulia unatetemeka, na mteja akisinzia huushika wembe kwa mikono miwili. Wateja wa zamani siku hizi wanapita ng'ambo ya barabara, naye hawalaumu. Nyumbani hajasema, maana mkewe hatapata usingizi. Akauinua ule mkono wauone, na kweli ulikuwa unatetemeka.

Wafadhili walijifuta machozi. Mimi sikulia, niliganda. Nilimkasirikia kwa kunificha, nikajikasirikia zaidi, kwa sababu mkono huohuo hunipa chumvi mezani kila siku na sikuona kitu.

Kazi akapewa Profesa. Tulipotoka nje alimrukia mjomba wake shingoni, akisema hata walimu wake hawajapata kusikia ushuhuda uliopangika namna ile.

"Na ule mkono, mjomba, nani kakufundisha?" akauliza. "Mwezi ujao wanakuja wafadhili wengine. Utaweza kuutikisa tena vilevile?"

Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Mume wangu akanikanyaga mguu taratibu, nikameza maneno yangu.

"Wala usiwe na wasiwasi, mwanangu," akamjibu. "Mwezi ujao utatikisika zaidi."

Profesa akacheka, akasema kumbe mjomba ana kipaji, akakimbilia kupiga picha na wenzake.