Mahali pa Mahari

Wawira alifunzwa Kiswahili na walimu Waembu, naye akaja kuwafunza watoto Waembu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba ulimi wake haujui tofauti ya L na R. Aliambiwa chuoni, alipoanza shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha. Wenzake walimkaribisha chakula cha mchana, akajibu, "Asanteni, nimeshakura." Wakamuuliza kura hiyo amempigia nani. Tangu siku hiyo akawa anapima kila neno kabla ya kulitoa.

Hata mada yake ya utafiti ilizaliwa na aibu hiyo. Mwanafunzi anapozungumza, aliandika Wawira, mwalimu asimkatize. Amwache amalize, kisha amrudishie neno sahihi ndani ya mazungumzo, bila kelele. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Lakini leo Daktari Shamima, msimamizi wake, alikuwa ameketi nyuma ya darasa la kidato cha pili, shule ya kutwa pale Karurumo, aone kama yanawezekana. Yakishindikana, Wawira angeanza utafiti upya, na alfajiri zote alizoamka kusoma nyumbani kwake mtaa wa Majimbo zingekwenda na maji. Na Shamima, mzaliwa wa Embu mjini, alilelewa katika nyumba ya Kiswahili kitupu. Sikio lake halikupitwa na kitu.

"Nani atatupa habari za nyumbani?" Wawira aliuliza.

Akainuka Rwamba. Darasa zima likageuka, maana Rwamba hakuwa ametamka sentensi kamili tangu mwalimu mwingine alipomcheka kwa R zake muhula uliopita.

"Mwalimu, Satade wageni walikuja kwetu juu ya sista yangu," alisema. "Walileta mahali."

Mahali! Mahali gani, Karurumo yote, au na Runyenjes juu yake? Maskini, msichana alikuwa ameiogopa R hadi akaitupa hata pale ilipotakiwa. Shamima aliinamia karatasi yake, akaandika. Wawira akaogopa, tena sana. Akinyamaza, daktari atadhani hakusikia. Akisahihisha, ameibomoa kazi yake kwa mikono yake. Akamwashiria Rwamba aendelee.

"Walileta mbuzi na njovi kwa kibuyu," Rwamba aliendelea, sasa amechangamka. "Cucu, mama ya baba, akaonja hiyo pombe, akasema hii ni maji, warudi wapike ingine."

Darasa likaangua kicheko, na Rwamba akacheka nalo.

"Kumbe! Na mahari yenyewe ilikubaliwa?" Wawira aliuliza polepole.

"Mahari ilikubaliwa, mwalimu. Ni njovi ilikataliwa."

Kengele ilipolia, Shamima alimfuata Wawira hadi kivulini kando ya ofisi. Uso wake haukusema lolote. Akamnyooshea karatasi ya tathmini, ameikunja matokeo yasionekane.

"Weka sahihi hapa chini, mwalimu."

Wawira alijipapasa mfukoni.

"Pole, daktari. Nimesahau karamu darasani."

Neno lilishatoka. Alilisikia mwenyewe, akatamani ardhi immeze. Nyani haoni kundule, lakini yeye leo aliliona lote.

Shamima hakucheka. Alifungua mkoba wake taratibu, akatafuta, akampa.

"Chukua kalamu yangu," alisema. "Karamu utatuandalia siku ya mahafali."