Ukoko wa Siwatu Kizere

Usingizi wa mchana hauna adabu, haubishi hodi. Unamkuta Shekue Semboja kwenye kiti cha studio, hedifoni masikioni, ganda la chungwa mkononi, na albamu mpya ya Siwatu Kizere ikiimba mbele yake. Machungwa kayaleta Mbelwa, fundi mitambo wa redio, kama anavyoyaleta kila akitoka kwao Muheza, na hachoki kusema kwamba asiyekula chungwa la Muheza hajala chungwa, kala ndimu iliyonenepa. Saa kumi jioni Shekue atakuwa hewani na kipindi chake cha Kipimo, na Tanga nzima inakijua kipindi hicho. Shekue akiusifu wimbo, kufika magharibi unapigwa saluni zote. Akiucheka, hata aliyeutunga huona haya kuuimba bafuni. Na leo atacheka. Hukumu keshaiandika asubuhi, kabla hajaufikia hata wimbo wa tatu. Albamu inaitwa Ukoko, na alipoliona tu jina hilo sentensi ilimjia yenyewe: Siwatu Kizere ametuletea ukoko, wali kaula nani? Alimsomea Mbelwa, Mbelwa akacheka mpaka akaegemea mlango. Sentensi ya namna hiyo mchambuzi haipati kila wiki, na akiipata huilinda kama kuku alindavyo vifaranga, hajali tena anamdonoa nani.

Wala si kwamba kamwonea bure mama wa watu. Nyimbo za mwanzo ni ovyo kwelikweli: kinanda kinapiga kelele kama mgeni aliyelewa harusini, vijana wa kufokafoka wameingizwa mahali pasipo na nafasi yao, na sauti ya Siwatu, ile iliyokuwa ikisimamisha watu na sahani mkononi, imefichwa huko nyuma kama jambo la aibu. Lakini Siwatu alipasuliwa koo, akakaa miaka miwili haimbi, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu arudi. Alimpigia simu Shekue yeye mwenyewe, sauti inakwaruza. Mwanangu, sikuombi sifa. Nisikilize mpaka mwisho tu, ule wa mwisho nimeuimba kwa koo langu hili hili. Wakinicheka na huo, mimi sirudi tena. Ndiyo, mama, Shekue akamwitikia vizuri. Hata Mbelwa alimkumbusha: Kaka, wa mwisho usiuruke, anasalimia miji ya relini na Muheza kaitaja. Nimekusikia, alijibu Shekue, halafu akafanya kama anavyofanya siku zote, akaonja. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili ukianza tu anarukia wimbo unaofuata. Mpishi hamalizi chungu kizima ndipo ajue chumvi, ndivyo anavyojitetea. Ameonja hivyo tangu aanze kazi na hakuna aliyemgundua. Sasa anaonja wa sita, macho mazito, kidole kiko kwenye kitufe, na mlango wa studio, ule mnene uliojazwa sponji, unafunguka. Anadhani ni Mbelwa. Si Mbelwa, ni barabara.

Anainuka, maana barabara ikishafunguka mlangoni mwako utafanyaje, na anatoka na ganda lake la chungwa mkononi. Barabara ni ya changarawe, haina jua wala giza, na kila akiifuata inarudi ilikoanzia, kisha inaendelea, kisha inarudi, naye anapita duka lile lile lenye mlango wa buluu, anapita tena, mpaka anaona afadhali asilitazame. Kulia kwake kuna mji. Kushoto kwake kuna mji huo huo, umegeuzwa kama ulio kiooni, mlango wa buluu unatazamana na mlango wa buluu. Katika mji wa kulia watu wamejaa vibarazani na wote wanaimba. Anazijua nyimbo zao. Ni zile alizozionja wiki hii, na wiki iliyopita, na mwaka juzi. Mwanamke anayepepeta mchele anaimba ubeti wa kwanza, anaimba kiitikio, anaanza wa pili, neno linakatika, anarudi mwanzo. Tena, na tena. Shekue anamsogelea amwambie, mama, neno linalofuata ni hili, halafu anakumbuka kwamba halijui, na papo hapo anaona kwamba mwanamke yule hana uso. Kuna ngozi tu, laini, kama yai lililomenywa, na sauti inatoka hapo hapo. Anageuka. Wote wako hivyo. Anataka kupiga ukelele, anaogopa usije ukamkatikia katikati kama wimbo wao.

Mtu mmoja kasimama katikati ya barabara, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, uso hana. Habari za utokako, anasema. Njema, anajibu Shekue, maana woga haujamfundisha mtu kukosa adabu. Huu ni mji gani? Huu ni mji wa wanaosubiri, anasema yule mtu. Kitendawili. Na Shekue, aliyelelewa na bibi mpenda vitendawili, anajikuta amekwisha itikia: Tega. Nyumba yangu ina vyumba vingi, wageni wote huishia barazani. Angetulia kidogo angelipata jibu, lakini kutulia si tabia yake, yeye akiona pagumu anaruka. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Ndivyo mchezo ulivyo tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji, na mtoto hutoa Unguja, akatoa Makka, akatoa Bombei bila kuumia, kwa kuwa hakuna anayekuja kuichukua. Vidole vyake vinanukia chungwa. Chukua Muheza, anasema, wala hafikiri. Yule mtu anacheka bila mdomo. Nimekwenda Muheza, anasema kwa madaha ya wategaji, nimekwenda Muheza nimepokewa vizuri, machungwa nimekula, kuku nimechinjiwa, ngoma nimechezewa. Nilipoondoka nimeondoka nayo. Jibu ni albamu. Na kule kushoto, katika mji wa kioo, Shekue anaona mitaa ya Muheza ikianuliwa, mapaa, michungwa, stendi, watu waliokuwa wakipunga mkono, kama nguo zinavyoanuliwa kambani mvua ikikaribia. Hausikiki hata mchakacho. Panabaki mwanya. Nilikuwa natania, anasema Shekue. Hata sisi tumezoea utani wako, anasema yule mtu.

Kitendawili. Shekue hataki kuitikia, ulimi unaitikia wenyewe: Tega. Nimekula kichwa, nikatangaza samaki hana mkia. Hiki anakijua. Anakijua kabla hakijaisha, uso unawaka moto, na ndiyo maana hajibu. Kukijibu ni kuitupa ile sentensi yake nzuri, na kulitupa jina lake, na miaka yote ya watu kumwambia, bwana, wewe una sikio. Nipe mji, anasema yule mtu kwa upole. Nipe Mombo. Na kule kushoto Mombo inajitokeza, jiko la uani la mama yake, na mama mwenyewe kakalia mbuzi anakuna nazi huku akiimba wimbo wa zamani wa Siwatu Kizere. Anauimba wote, beti zote, kama alivyokuwa akiuimba zamani na Shekue mdogo akilala kabla haujaisha. Hilo linamchoma. Hata huo hajawahi kuusikia mwisho wake. Anatega sikio, anautamani, lakini paji la mama linaanza kulainika, nyusi zinafutika, pua inazama taratibu, na mdomo bado unaimba. Ni mimi, Shekue anapiga kelele. Jibu ni mimi, mimi ndiye niliyekula kichwa! Mama anaacha kukuna. Anainua uso uliorudi, anatazama huku na huku kama aliyeitwa na mtu asiyemwona. Umepata, anasema yule mtu. Basi nirudishie Muheza. Mji ukishatolewa haurudishwi, hilo bibi yako hakukufundisha? Na ule mlango wenye sponji unajifunga juu ya barabara yote.

Kaka Shekue! Mbelwa anamtikisa bega. Saa kumi hiyo, unakoroma kama umelipwa! Hedifoni zimemwangukia shingoni. Karatasi ya hukumu iko mezani, anaisoma ile sentensi mara moja. Bado ni nzuri, na inamuuma kwamba ni nzuri. Anaikunjakunja. Mbelwa anarudi chumba chake cha mitambo, upande wa pili wa kioo, na taa nyekundu inawaka. Wasikilizaji wangu, anasema Shekue, albamu ya Bi Siwatu Kizere ninayo hapa na sijaisikiliza. Nimeionja tu, kama nilivyoonja nyingi nilizozihukumu mbele yenu. Nyimbo za mwanzo sizipendi na sitazisifu. Lakini wa mwisho tuusikilize pamoja, na mimi sitaugusa. Mbelwa anamkodolea macho, kisha anaupiga.

Ni gitaa moja na sauti. Sauti imechakaa, inakwaruza, imebaki chini kabisa ya chungu, na haijifichi. Inasalimia miji ya relini mmoja mmoja, kama bendi za zamani zilivyokuwa zikifanya. Tanga, nimerudi. Pongwe, nimerudi. Hapo Siwatu anavuta pumzi, gitaa linapiga mstari mzima peke yake, bila neno, halafu anaendelea: Korogwe, nimerudi. Mombo, nimerudi. Shekue analia hewani na hayafuti machozi, maana wimbo ni mzuri, mzuri hasa, na nusura auzike kwa mzaha. Lakini ule mstari mtupu umemtia hofu. Wimbo unaisha wote, simu za wasikilizaji zinaanza kumiminika, naye anabonyeza kitufe cha kusemezana na chumba cha mitambo. Mbelwa, mbona Muheza hakuitaja? Mbelwa anainamisha kichwa upande. Hakuitaja nini? Muheza, kwenu. Mbelwa anatabasamu kama anayesubiri mzaha uishe. Kaka, bado hujaamka wewe. Shekue anachukua chungwa mezani, anamwinulia. Na haya umeyatoa wapi? Nyumbani, kaka. Nyumbani wapi? Mbelwa anafungua kinywa, neno linakatika, anarudi mwanzo. Yanatoka nyumbani, kaka. Yanatoka nyumbani. Shekue anainamia meza, harufu ya chungwa imemjaa puani, na hathubutu kuinua macho akatazama uso ulioko upande wa pili wa kioo.