Ini na Shamba

Kwa Kisomali chetu, ini na shamba vina jina moja: beer. Muuguzi hapa Garissa akimuuliza mume wangu Abshir habari za ini lake, yeye hujifanya ameulizwa shamba letu la kando ya Tana. Atasimulia ndizi na matikiti mpaka nimkanyage mguu. Shamba lenyewe lilibebwa na mafuriko zamani! Mtu mwaka wa tatu anaugua, bado mzaha tu.

Jana daktari alisema sehemu kubwa ya ini imekufa. Abshir akanyamaza kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko ugonjwa.

Nikamshika mkono. "Abshir wallahi, hebu mwambie daktari lile tikiti lililotushinda kubeba sisi wawili."