Makaa Yasiyo na Moshi

Nyumba ya shemeji yangu Zuberi ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu Kasongo kuwa na dari. Zuberi alikuwa amechoka kuona moto ukila mapaa ya majani na pembe zake za ndovu zikiungua nayo. Akaleta fundi kutoka Tabora, akalaza miti juu ya kuta, akakandika udongo mzito juu yake. Madirisha yakawa matundu ya kupitisha mkono tu. Mlango wa mbao ulikaa barabara, fundi akajisifu kwamba hata siafu hapiti. Tulimsifu wote, na mimi Feza pia, mjane niliyekuja kukaa na mdogo wangu Amisa, mke wa Zuberi. Anayekula kwa mwenzake hana ulimi mrefu.

Kwetu Kabambare, tulikozaliwa, mwanamke akijifungua huwekewa moto ndani mpaka arobaini iishe. Hiyo ni desturi na sikuwa na ugomvi nayo. Lakini kule nyumba ni ya majani. Ukiitazama kwa nje asubuhi, moshi unatoka kila upande, utadhani paa linachemka.

Amisa alizaa mtoto wa kiume, Amuri, wakati wa mvua kubwa. Mama Nuru, mama yake Zuberi, akachukua amri ya chumba. Naye alikuwa wa Kabambare kama sisi, ila hakupenda kukumbushwa. Aliziba matundu ya madirisha kwa vitambaa, akaweka chungu kipana cha moto karibu na kitanda. Kuni alizikataa. Kuni zina moshi, alisema, na moshi unaumiza macho ya mtoto. Yeye alileta makaa ya wahunzi, meusi, mazuri, yasiyotoa hata uzi wa moshi, akanyunyiza na ubani wa pwani juu yake.

“Hii ndiyo moto ya waungwana,” aliniambia. “Moshi hakuna, ubaya hakuna. Na ubani inasafisha hewa yote.”

Nani angebishana? Chumba kilinukia kama nyumba ya arusi.

Ila kila nilipokaa humo, kichwa kilinigonga na tumbo likataka kutapika. Nikitoka uani nikasimama kidogo kwenye manyunyu, kinaacha. Nikirudi, kinaanza. Mimi si mganga. Nilikijua kichwa changu tu, na kichwa changu hakikuwahi kunidanganya.

“Na mimi pia kinaniuma, yaya,” Amisa alisema nilipomwuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa amelala ubavu, macho mazito. “Na miguu haina nguvu. Lakini ni uzazi. Hapana fungua mulango, baridi itamushika mutoto.”

Mdogo wangu mwenyewe! Kama angesema fungua, ningeuvunja ule mlango kwa shoka.

Mama Nuru naye alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu. Alisema ni uzee. Kila mtu mle ndani alikuwa na jina la maumivu yake, na hakuna aliyeyaita kwa jina la chungu kile.

Kulikuwa na kuku amefungwa pembeni mwa chumba, wa kumpikia mzazi mchuzi. Asubuhi moja tukamkuta amekufa, hana jeraha wala ugonjwa. Nikasema, haya, sasa wataona. Mama Nuru alimwinua kwa miguu, akamshukuru Mungu.

“Amebeba balaa ya mutoto,” akasema. “Ubaya ilikuwa inakuja, kuku ameipokea.”

Akamtupa, akaongeza makaa. Nilitaka kucheka, nilitaka kumnyonga, na mwanamke yule nilimpenda, kwa maana alikuwa akimlisha Amisa kwa mkono wake kama mwanawe wa kumzaa.

Nikamfuata Zuberi barazani. Akanisikiliza, si mtu mbaya. Lakini mwanamume haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, kwa hiyo alisimama kizingitini, mama yake akaufungua mlango nusu, naye Zuberi akanusa.

“Shemeji, minasikia harufu muzuri tu,” akasema. “Hata moshi siioni. Hii nyumba ni safi kupita zote za Kasongo.”

Mgongo wake ulikuwa uani, kwenye hewa ya mvua! Angenusa nini?

Siku hiyo nilingoja Mama Nuru aende kusali, nikafungua mlango wazi, nikaweka jiwe. Upepo ukaingia na makaa yakawaka. Amisa akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaniomba uji. Aliunywa, wallahi, aliunywa wote. Kisha Mama Nuru akarudi na kulia kwa sauti, majirani wakaja.

“Unataka kuua mutoto wa mwenzako?” aliniuliza mbele ya watu. “Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe umezaa nani?”

Sikuzaa. Nikaambiwa chumbani nisiingie tena, kazi yangu iwe kufua nguo za mtoto na kumwogesha kwenye kibanda cha jikoni.

Ndivyo mtoto alivyopona mara ile. Asubuhi iliyofuata mvua ilishuka kwa radi, baridi kali, Mama Nuru akajaza chungu mpaka juu, akafunga, akaniletea Amuri nimwogeshe. Alikaa nami kumkanda mtoto kwa mafuta ya mawese, tukakawia kwa sababu ya mvua. Tuliporudi, Amisa alikuwa amelala kama tulivyomwacha, mkono chini ya shavu. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikamwita tena kwa jina la utotoni, ambalo mimi peke yangu nililijua, na hakunijibu.

Midomo yake ilikuwa myekundu, mashavu yana rangi, kuliko siku alipoolewa. Wanawake waliokuja kumwosha walishangaa.

“Muone damu yake namna iko muzuri,” wakasemezana. “Moto ilimutunza.”

“Ni baridi ya ule mulango,” Mama Nuru alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. “Baridi iliingia ndani ya mifupa jana. Tulichelewa kuipasha.”

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Wote waliniangalia tu kwa huruma, kama mtu aliyekosea bila kukusudia, na nilipofungua kinywa kusema ni makaa, Zuberi alinishika bega.

“Basi, shemeji. Hakuna anayekulaumu.”

Waliporudi kutoka kuzika, Mama Nuru alinyoosha mikono. Nilikuwa nimemkumbatia Amuri. Nilimkaza, nikasema hapana, hapana, tazameni kuku, tazameni Amisa. Wanawake wawili waliniachanisha vidole taratibu, kimoja kimoja, wakiniambia nilie, nilie, itapungua.

Mtoto wa marehemu hupata baridi upesi, walisema. Kwa hiyo wakamwingiza kwenye chumba cha Mama Nuru, kilicho kidogo zaidi, wakaleta vyungu viwili badala ya kimoja, na ubani. Mlango ukafungwa.

Nikakaa chini kwenye matope, sikio ukutani. Alikuwa analia, na kwa kila kilio nilimshukuru Mungu. Kisha akaacha. Niligonga, nikauliza kama amelala.

“Amelala,” wakanijibu kutoka ndani. “Nyamaza, Feza.”