Nauli ya Filina

Tangu Filina afumbe macho, nyumba ya Sihasena ilikuwa kimya hata mchwa walisikika wakitafuna nguzo. Mkewe huyo alikuwa Myunani wa mwisho katika mtaa wao mjini Takshashila, Bara Hindi. Aliomba jambo moja tu: atiwe sarafu kinywani, amlipe mvushaji wa mto wa wafu, asije akaachwa ukingoni milele.

Sihasena akamchagulia ya fedha, ya mraba: huku tembo na maandishi ya Kiyunani, huku fahali mwenye nundu na maandishi ya kwao.

Kaka yake Nagadeva akacheka. "Mdogo wangu, sarafu za Wayunani ni za duara. Mvushaji wao ataiona hii kigae!"

"Ina maandishi yao, kaka. Asome."

"Na kama hajui kusoma?"

Sarafu ikaingia chini ya ulimi wa maiti. Kisha, kwa desturi ya ukoo wa mume, kuni zikapangwa, samli ikamwagwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba Wayunani wa mtaa ule walizika wafu wao, hawakuwachoma. Moto ukawaka mpaka tai wa milimani wakapiga chafya.

Siku ya kuokota mifupa, Sihasena akaikuta sarafu majivuni, nyeusi, tembo wake mzima.

"Hajalipa," akasema. "Yuko ukingoni peke yake."

"Basi kavushwa bure," akajibu Nagadeva, safari hii bila kucheka. "Uzuri ule, nani angemdai?"

"Hukumjua, kaka. Filina hakukubali cha bure, hata chumvi ya jirani."

Akabeba chungu cha mifupa, akashuka mtoni kumtafutia mvushaji. Lakini kiangazi kilikuwa kimeyanywa maji; mtumbwi ulilala mchangani, mbuzi ndani yake, mwenyewe hayupo. Sihasena akaita. Akaita tena. Akaitikiwa na mbuzi.

Akaitia sarafu shavuni, akakumbatia chungu, akaingia mwenyewe majini, yakimfika magotini. Mawe yaliteleza. Njia nzima alimsemesha mkewe kwa Kiyunani chake kibovu, kile ambacho Filina alikuwa akikicheka, sasa kimezidi kuharibiwa na sarafu mdomoni: hapa shimo, hapa jiwe, taratibu.

Ng'ambo, penye kina, akaimwaga mifupa.

"Nauli nimepokea, mke wangu," akasema, fedha ikigonga meno. "Hudaiwi na mtu."

Kisha akageuka na chungu kitupu. Maji yalikuwa yale yale ya magotini, na mawe yale yale, ila sasa hakuwa na wa kumwelekeza pa kukanyaga.