Damu Kwanza, Kidonge Baadaye

Wanafunzi wa uuguzi wananiita Bi Damu Kwanza. Wanadhani sisikii! Waache waseme. Katika wodi yangu, aliyepandikizwa figo hamezi dawa yake ya asubuhi, ile ya kutuliza kinga ya mwili, kabla hajatolewa damu ya kupima kiwango chake. Akimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, daktari atapunguza dozi, na kinga itaamka iishambulie figo ya watu. Mwanafunzi akitanguliza kidonge namfokea mpaka machozi yamtoke. Kumbe najifokea mwenyewe.

Miaka sita iliyopita, kwenye kitanda cha dirishani alilala fundi saa. Figo alipewa na dada yake. Alikuwa na maneno huyo! "Sista, nimeze sasa au baadaye? Njaa inaniuma." Siku hiyo wodi ilifurika, nilikuwa hoi. Nikamwambia, "Meza, bwana, unywe chai yako." Baadaye nikamtoa damu, na kwenye fomu nikaandika hajameza. Majibu yakaja juu. Daktari akapunguza dozi, akamruhusu kwenda nyumbani. Nilijua, nikanyamaza. Aliporudi amevimba uso, figo ilikuwa imekwisha. Hakumaliza mwezi.

Tangu hapo, kila asubuhi nikifika dirishani na kitoroli cha dawa, namsikia: nimeze sasa au baadaye? Kitanda kikiwa kitupu ndiyo namsikia zaidi. Naogopa kitanda, mtu mzima mimi.

Jana asubuhi dada yake alikuja kliniki kupimwa, kama wanavyopimwa kila mwaka waliotoa figo. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtunza mdogo wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sista, nikuulize," akasema. "Hii niliyobaki nayo ni nzima kweli? Maana ile niliyompa ilikuwa mbovu. Mama hasemi nami mpaka leo. Anasema nilimpa mwanawe kitu kibovu."

Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikafungua mdomo nimwambie ni mapenzi ya Mungu, kama tunavyowaambia wote.

Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, nikamsikia fundi: sasa au baadaye, Sista?

"Sasa," nikajibu kwa sauti.

Dada yake akashtuka. "Sasa nini?"

"Figo yako ilikuwa nzima, mwanangu. Kaa hapa nikueleze. Halafu unipeleke kwa mama yako, anisikie mimi mwenyewe."