Mwiko wa Dada Kitambulisho

"Kitunguu chako kinanifuata mpaka kazini!" Dada Kitambulisho alifoka, blauzi nyeupe mkononi. "Leo bosi kaniuliza kama nimefungua mgahawa!"

Mama Pacha alikuwa amechuchumaa mlangoni pake akikaanga nyama kwa kitunguu. Hakuinua hata uso. "Kamba ni ya wote, dada. Ungeanika kule mwisho."

"Na wewe ungepikia ndani!"

"Ndani kuna watu."

Walikuwepo kweli. Fundi viatu na muuza mitumba walikuwa wanacheka humo kama wako harusini, na kicheko chao ndicho kilichomchoma Dada Kitambulisho zaidi ya kitunguu.

Jina hilo alipewa kwa sababu kitambulisho cha ofisini hakikushuka shingoni hata akienda kuteka maji. Kati ya vyumba vinne vya nyumba ile, ni yeye tu aliyekuwa na mshahara. Wenzake walikuwa watu wa kuamka na kuhangaika: huyu kufulia watu nguo, yule sindano na gundi, yule na marobota yake. Lakini mshahara ukiingia, mwenye nyumba anaumega, nauli inaumega, mama mzazi anapiga simu, na wiki ya pili haijaisha karani wa watu anakula mkate na chai kajifungia. Upande wa pili wa ukuta, watu wasio na hata barua ya ajira wanatafuna nyama! Kila jioni alichemsha maji matupu, akagonga mwiko sufuriani, ko-ko-ko, wajue na kwake kunapikwa.

Akamsogelea Mama Pacha. "Hebu niambie, mama. Beseni mbili za nguo za watu ndizo zinaleta nyama kila siku? Au kuna mifuko unayoipekua?"

Kicheko ndani kikakatika. Mama Pacha akasimama taratibu.

"Nyama kaleta huyu wa mitumba, leo zamu yake. Mkaa wa fundi. Mchele wangu. Sufuria ni moja, dada. Unadhani nani humu angeuweza mji huu peke yake?"

"Mbona mimi hamkuniambia?"

Fundi viatu akatoa kichwa mlangoni. "Hatukukuambia? Wiki uliyohamia tulikugongea. Ukasimama hapo hapo ukasema, 'Asanteni, mimi nina mshahara.' Tukasema haya, tusimsumbue mwenye mshahara."

Alikumbuka. Alikumbuka hata sauti aliyoitumia, ile ya kuwajibia wateja wasio na miadi. Miezi mitano amewaonea wivu kwa sufuria aliyoikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Akaikunjakunja blauzi.

"Lile la mifuko," akasema, macho chini, "nisamehe, mama. Sikustahili kulisema."

Mama Pacha alimtazama mpaka kitunguu kikaanza kuungua. "Limeniuma, na kesho nitakununia, ujue. Mchana kutwa." Akaipua sufuria. "Lakini huo mwiko wako nausikia kila jioni, na harufu sijaipata hata siku moja. Chumvi unayo?"

"Ninayo."

"Ilete. Na mwiko uje nao, wetu umepasuka. Leo na wenyewe ufanye kazi. Halafu vua hilo likamba shingoni lisije likaingia kwenye mchuzi. Haya, pita ndani ule, kabla hawa hawajamaliza minofu."